Mti Mmoja, Majina Mawili: Safari ya Londiani Kuitafuta Kosisitiet

Hebu toka nje kidogo uitazame bustani yako, au ya jirani ikiwa wewe ni mpangaji wa ghorofani kama wengi wetu. Utaona nini? Bogenvilia iliyotoka Brazili, jakaranda ya Amerika Kusini, na kando ya lango pengine mgrevilea wa Australia. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini sisi wakazi wa jiji tuliacha mbachao zamani, na aghalabu hata hatujui ulikuwa wa rangi gani.

Nasema hivi kwa sababu niliumbuka nyumbani kwangu mwenyewe.

Mama mkwe wangu alikuja Nairobi kututembelea, na katika siku yake ya tatu aliomba supu ya mifupa iliyotiwa kosisitiet. Yeye ni Mkipsigis wa Londiani, na huko supu isiyo na dawa ya mti huhesabiwa kuwa maji ya nyama tu. Nilikwenda sokoni, nikauliza, nikauziwa fungu la mizizi mikavu iliyofungwa kwa kamba ya katani. Nikachemsha tangu saa nane hadi jioni. Mama alionja mara moja, akakiweka kikombe mezani taratibu.

"Mama Chebet," akaniambia kwa upole, "hizi ni kuni."

Watoto walicheka hadi wakajishika mbavu. Mimi sikucheka. Sikuweza hata kumlaumu muuzaji, kwani pengine naye aliuziwa vivyo hivyo. Mzizi mkavu hauna jani, ua wala tunda. Ni nani atakayeutambua? Lililoniudhi zaidi ni kwamba hata lau ningeonyeshwa mti wenyewe ukiwa umesimama, nisingeujua.

Basi likizo ya shule ilipofika, tulifunga safari.

Ukitoka Nairobi mapema, utakunywa chai Nakuru, upite Salgaa na malori yake, kisha uanze kuupanda mwinuko wa Mau. Pale Mau Summit barabara hugawanyika. Moja huelekea Eldoret, nyingine hukata kushoto kwenda Kericho, na hiyo ndiyo yetu. Sisi tulishuka Londiani Junction tukachukua pikipiki. Kama hujawahi kufika, chukua sweta. Londiani iko juu sana, na ukungu wa asubuhi hukaa mashambani hadi mtu akashuku kwamba jua limesahau njia. Ni nchi ya viazi, kabichi, ng'ombe wa maziwa na misitu. Chuo cha taifa cha kufunzia maafisa wa misitu kiko hapo hapo, na nadhani hakingeweza kupata mahali pafaapo zaidi.

Asubuhi ya pili mama mkwe alichukua panga, akaniongoza hadi kijito kilicho chini ya shamba. Njiani alinionyesha mashimo matatu kwenye ukingo, mengine yakiwa yameota nyasi.

"Hapa palikuwa na mmoja. Hapa mwingine. Pale mwingine."

Watu huja kuchimba mizizi wapeleke mjini. Mtu akichukua vijiti vya matawi, mti huchipuka tena. Akichukua mzizi mkuu, basi amekwisha kuuua. Ukingo mzima ulikuwa umebakiwa na mti mmoja tu. Niliutazama nikijua kwamba fungu langu la sokoni, lingalikuwa la kweli, lingetoka katika shimo kama yale.

Na mti wenyewe ulionekanaje? Nilitarajia jitu la msituni, kumbe ni kichaka kirefu tu, kimo cha watu wawili hivi, matawi yake yakiinamia maji. Lakini majani yake! Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na kila jani lilimeta kana kwamba limepakwa mafuta ya nazi. Makaburu wa Afrika Kusini waliuita mti huu kwa neno lenye maana ya "jani linalong'aa", na nikaona hawakukosea. Wazungumzaji wa Kiingereza wa huko nao huuita dogwood, yaani mti wa mbwa. Jina la kisayansi ni Rhamnus prinoides.

Nawaomba wanafunzi watulie hapa kidogo, maana jina hilo la mbwa huwachanganya wengi. Wenye jina hilo hasa ni miti ya jamii ya Cornus, ile ya Ulaya, Asia na Amerika, ambayo huenda umeiona katika picha ikiwa na maua meupe yenye pande nne. Afrika ina mmoja tu wa jamii hiyo, Cornus volkensii, nao huota katika misitu ya milimani, Mlima Kenya ukiwamo. Kosisitiet si ndugu yao wa damu. Huu ni wa ukoo wa mkunazi, ule ule ambao watoto wa pwani huokota matunda yake. Tofauti yao utaiona bila darubini. Majani ya Cornus yetu hukaa mawili mawili, yakikabiliana kwenye kijiti, na kingo zake ni laini. Ukilipasua jani lake polepole, vipande viwili hubaki vimeshikana kwa nyuzi nyembamba kama za buibui. Majani ya kosisitiet hupishana, moja huku na moja kule, na kingo zake zina meno madogo madogo kama ya msumeno.

"Kwani si jani la chai hili?" aliuliza binti yangu Chebet, naye hakuwa mjinga. Majani ya chai pia hupishana, hung'aa, na yana meno. Mama mkwe alimfundisha kwa vidole. Jani la chai ni gumu, kama ngozi. La kosisitiet ni jembamba zaidi, na mishipa yake imezama upande wa juu, ikatokeza upande wa chini, hivi kwamba ukiligeuza na kulipapasa unaihisi waziwazi. Chai huchanua maua meupe yenye manjano katikati, na tunda lake ni gumu. Maua ya kosisitiet ni madogo ya kijani, yamejificha kwenye makwapa ya majani, na usipoinama huyaoni, ingawa nyuki huyaona. Matunda yake ni mviringo, ukubwa wa njegere. Huanza yakiwa ya kijani, yakawa mekundu, kisha yakaiva yakiwa na rangi ya zambarau iliyokolea kukaribia weusi, na aghalabu utayakuta ya rangi zote tatu kwenye tawi moja. Hayo waachie ndege. Wasio na habari huuchanganya pia na mbuni, lakini majani ya kahawa hukabiliana na hayana meno. Uko vilevile mdogo wake, Rhamnus staddo, mwenye majani madogo zaidi na matawi ambayo huweza kuishia kwa miiba.

Nilipiga picha kwa simu nikamtumia mama yangu mzazi aliye Githunguri, kwa kujigamba tu, nimwonyeshe kwamba sasa najua mti wa wakwe zangu. Alinipigia papo hapo.

"Hiyo si mukarakinga? Ile ya supu ya cucu wako?"

Nilinyamaza. Jina hilo la Kikuyu nilikua nikilisikia. Nyanya yangu alilitaja kila kichwa cha mbuzi kilipopelekwa jikwani, na supu hiyo niliinywa, uchungu wake bado naukumbuka. Ila sikuwahi kutumwa kwenda kuukata mti, hivyo jina lilibaki mdomoni bila jani. Miaka tisa ya ndoa nimeketi baina ya familia mbili zinazotia mti mmoja katika sufuria zao, nisijue. Wamaasai nao wanao, huuita olkonyil. Na ukienda Ethiopia utaikuta gesho, ambayo huko hupandwa mashambani na kuuzwa masokoni kama sisi tuuzavyo sukuma wiki. Majani na vijiti vyake ndivyo vinavyotia uchungu katika tej, pombe yao ya asali, na tella, pombe yao ya nafaka.

Mimi si daktari, nawe usiache kwenda hospitalini kwa sababu ya supu. Wazee husema mti huu hulegeza viungo na kuondoa homa. Wao wana yao. Mimi nakuambia tu kwamba ladha ni nzuri na mti unapendeza.

Swali ni hili: je, utakubali kuota mjini? Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na mti huu ni wa nyanda za juu, kwa hivyo jibu ni ndiyo. Kwa msomaji wa Mombasa au Kisumu siwezi kukupa ahadi hiyo.

Njia ya kwanza ni mbegu. Chuma matunda yaliyoiva kabisa, yakamue, uzioshe mbegu, uzianike kivulini siku moja au mbili, kisha uzisie mapema, maana mbegu iliyokaa huchoka. Tumia mchanganyiko wa mchanga na udongo wenye majani yaliyooza, ukiwa ndani ya mkebe uliotobolewa chini. Mwagilia kidogo kidogo, na uuweke mkebe mbali na jua kali. Usichungulie kila siku kwa kufukuafukua kwa kijiti kama alivyofanya mwanangu wa kiume. Zitachipua katika wiki kadhaa.

Njia ya pili ndiyo niliyoitamani kwa uvivu wangu. Chini ya mti mama, pale ndege walipodondosha mbegu, kulikuwa na miche mingi imejiotea. Nilingoa minne, nikakung'uta udongo ili mzigo uwe mwepesi, nikaifunga kwa gazeti. Mama mkwe alinitazama bila kusema neno. Nilipofika Kasarani nikaipanda barazani juani, na kwa wiki moja yote ilikuwa imekauka. Miezi minne baadaye tulirudi, safari hii nikachimba kila mche pamoja na bonge la udongo wake, nikausafirisha ndani ya mikebe ya Kasuku, na nilipofika nikauacha kivulini majuma matatu kabla ya kuuonyesha jua. Kati ya mitano, mitatu iliishika ardhi.

Ukiwa na kipande cha ardhi, pandikiza mvua za masika zinapoanza. Chimba shimo la futi moja na nusu, tia samadi iliyooza vizuri, na chagua mahali pasipotuama maji. Mti huu hupenda unyevu, na kivuli kidogo haukichukii. Ukitaka ua wa kuzunguka nyumba, acha kama mita moja kati ya mche na mche, kisha uwe ukipogoa. Kiangazi cha kwanza usiuache bila maji, hata kama ni yale ya kusuuzia mboga. Ukitaka kununua mche, tafuta kitalu, lakini nenda na macho yako. Tazama kama majani yanapishana, papasa mishipa, hesabu meno. Muuzaji akikasirika, mwache na mche wake.

Mama mkwe alikuja tena mwezi uliopita. Kabla ya kuketi alikwenda moja kwa moja kwenye mti wetu uliopo kando ya bomba, ambao sasa unanifika kiunoni. Alichuma jani moja, akaligeuza, akalipapasa, akalitafuna.

"Ndiyo wenyewe," akasema. Kisha akaona ninavyoyaangalia yale matawi. "Usiukate bado. Ngoja unipite mimi kwa urefu."

Supu tulikunywa hivyo hivyo, ya chumvi na kitunguu. Mche wa pili ameuchukua yeye, akaupande mahali palipo na shimo kule kijitoni. Wa tatu ungali kwenye mkebe. Aprili nitaupeleka Githunguri.