Kula Olenguruone

Barabara kutoka Nakuru hupanda bila haraka: Njoro na ngano yake, Elburgon na mbao zake, Molo iliyovuma kwa nyama ya kondoo, kisha Keringet. Kila mji unaoupita, baridi inazidi. Ukifika Olenguruone, katika pembe ya kusini magharibi ya Kaunti ya Nakuru, uko kwenye mgongo wa Mau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Sweta haikutoshi tena. Mwili unadai chakula cha moto.

Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, na anayetamani piza ataipata huko. Olenguruone ina hoteli za mtaa, zenye meza ndefu, mabenchi, maji ya kunawa karibu na mlango na moto usiozimika jikoni. Huulizwi kama umeweka nafasi. Wenyeji wanasogea, unakaa, unasalimiwa kwa Kipsigis: Chamgei. Nawe itikia vivyo hivyo; hata kama huna neno jingine la lugha hiyo, nyuso zitakunjuka.

Chai inatangulia. Chai nyingi ya Kenya hushuka hadi mnada wa Mombasa na kuvuka bahari, lakini hapa zao lenyewe liko mlangoni, kwenye vilima vya upande wa Kiptagich na kandokando ya msitu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha kanda za chai za Nyayo ili ziwe ukuta wa kijani kati ya mashamba na misitu. Majani huchemshwa pamoja na maziwa mpaka rangi ikolee, na kikombe hujazwa hadi ukingoni. Chapati inakuja nayo, imetoka kwenye kikaango sasa hivi, tabaka zake zinaachana zenyewe ukiivuta.

Kisha viazi. Magunia yake umeyaona yamepangwa njia nzima tangu Molo, kwa kuwa ardhi hii ya baridi, inayoyachelewesha mahindi, inavipenda viazi. Aina inayotamba ni Shangi, ambayo huiva upesi lakini haivumilii kukaa ghalani. Baada ya muda mfupi inaanza kuchipua. Ndiyo maana ni vizuri kuila karibu na shamba. Kiazi kinachofika Nairobi kimechoshwa na magunia na malori. Cha hapa, kikipikwa na kitunguu, nyanya na mchuzi wa nyama, kinayeyuka kabla hujakitafuna, na kina utamu wa udongo mweusi uliolala chini ya majani ya msitu kwa miaka isiyohesabika.

Usiondoke kabla ya kuonja chakula chenyewe cha Wakipsigis: kimyet, yaani ugali, pamoja na isagek, mboga ya kienyeji ambayo uchungu wake hutulizwa kwa maziwa. Pembeni yake iwepo mursik. Maziwa haya hugandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, na mkaa huo ndio unaoyapa rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Dunia imeyaona kwenye picha za wanariadha wakipokewa uwanja wa ndege. Faith Kipyegon, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 Rio, Tokyo na Paris, alikulia upande wa Keringet, kwenye barabara hii hii uliyopanda. Ukinywa mursik hapa, unakinywa kinywaji cha shangwe kikiwa nyumbani kwake, siku ya kawaida, bila kamera.

Wala asali usiisahau. Waogiek wa Mau wamekuwa warinaji katika msitu huu tangu enzi za mababu, na mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwafukuza humo. 

Na si Waogiek tu: mahali hapa pamebeba uchungu mwingi wa ardhi. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilizihamishia Olenguruone familia za Wagikuyu zilizoondolewa nchi ya Wamaasai, ikaziwekea masharti makali ya kilimo na urithi. Wakazi waliyakataa, wakaunganishwa na kiapo cha umoja, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wametimuliwa, wengi wakipelekwa Yatta. Kiapo kile kilienea, kikawa miongoni mwa mizizi ya Mau Mau. Baada ya uhuru, mapigano ya kikabila ya mwaka 1992 na yale ya baada ya uchaguzi wa 2007 yaliwaumiza tena watu wa ukanda huu.

Kwa sababu hiyo naliheshimu sana benchi la hoteli ya Olenguruone. Mkulima wa chai, dereva wa lori la viazi, mwalimu na mama anayetoka sokoni wanapitishiana chumvi, wanaulizana bei ya gunia na habari za mvua. Amani huzungumzwa katika mikutano mingi. Hapa inapakuliwa kila mchana, na kila mtu anailipia kwa kuketi karibu na jirani yake.

Basi, ewe msafiri wa Bonde la Ufa, ukishamaliza Ziwa Nakuru na kreta ya Menengai, panda Mau. Fika kabla ya mvua ya alasiri, beba koti, uliza kilichoiva badala ya kuagiza kisichokuwepo. Ukishiba, mwambie aliyekupikia Kongoi, yaani asante. Vyakula vya mji huu vinatosha kuwa sababu ya safari, na watu wanaovila pamoja ni sababu kubwa zaidi.