Je, Jina la Mtoto Wako Limeandikwa?



Kila mwaka Pasaka ikiisha, watu huanza kupita ofisini kwangu parokiani kuuliza habari za safari. Wengi wataka kwenda Namugongo, nchi ya Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni. Wengine wana ndugu Zambia, nao wataka kuwapeleka watoto wakati wa likizo wakamwone babu yao. Mmoja au wawili, walioneemeka na tumbaku mwaka huo, wataka watoto waione bahari. Sisi wa Isikizya tu watu wa nchi kavu. Maji tunayoyajua ni ya kisima na ya bwawa. Basi swali huwa lile lile: "Karani, meli ipi ni nzuri?"

Zamani nilijibu upesi, nikataja nauli na urefu wa safari. Siku hizi nauliza kwanza swali langu mimi: "Je, watawaandika watoto wako?" Watu hushangaa. Nataka leo nikueleze, msomaji, sababu yake.

Mwaka mmoja nilisafiri kwa maji pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu. Mahali sipataji, wala chombo sikitaji, kwani sitaki kumshitaki mtu gazetini. Tulifika gatini jioni, tumechoka kwa vumbi la njia. Mkata tikiti aliandika jina langu, akaandika la mke wangu, kisha akafunga kitabu chake. Nikamwambia, "Ndugu yangu, na hawa watoto je?" Akacheka. "Mzee, hao hawalipi. Asiyelipa haandikwi." Nyuma yangu watu walianza kunung'unika, na mmoja alisema kwa sauti kwamba nawachelewesha wenzangu. Mke wangu aliniangalia. Nami, ambaye kazi yangu ni kuandika majina, niliona haya mbele za watu. Nikapokea vikaratasi viwili, tukapanda watu watano.

Tulifika salama, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule sikulala. Niliwahesabu watoto mara kwa mara gizani, mmoja, wawili, watatu, nikiwaza: kwa kitabu cha chombo hiki, hawa hawamo. Likitokea jambo, watatafutwa watu wawili tu. Kitinda mimba wetu alibatizwa akiwa na umri wa majuma mawili, nami nilimwandika kwa mkono wangu: jina lake, baba yake, mama yake, msimamizi wake, na namba yake kitabuni. Kanisa lilimwandika kabla hajajua kucheka. Lakini juu ya maji makubwa alihesabiwa kama mzigo wa mkononi.

Pengine ningalisahau jambo hilo, kama asingalikuja mama mmoja ofisini mwezi wa Novemba, tulipokuwa tukikusanya majina ya marehemu wa kuombewa. Alitaka kaka yake aandikwe katika kitabu cha marehemu. Nikamwuliza, kama ilivyo desturi, "Alifariki lini? Alizikwa wapi?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Alikuwa katika MV Bukoba. Hatukumwona tena."

Wengi wenu mwaikumbuka habari hiyo, na vijana yafaa waijue. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli MV Bukoba, iliyotoka Bukoba ikaenda Mwanza, ilipinduka karibu kabisa na Mwanza. Ilikuwa meli ya kuchukua abiria 430. Siku ile ilichukua wengi kupita kiasi hicho. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Abiria wa daraja la tatu, yaani maskini wenzetu, hawakuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo hakuna ajuaye idadi kamili ya waliokufa. Wengine husema mia tano na zaidi, wengine hutaja hesabu inayokaribia elfu. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza, na baadhi yao hawakutambuliwa na mtu.

Kaka wa mama huyo alikuwa wa daraja la tatu. Jamaa zake walikwenda Mwanza, wakarudi bila maiti, bila kaburi, bila hata karatasi ya kuthibitisha kwamba alipanda. Mama yao mzazi alikataa kusema kwamba mwanawe amekufa. "Nani amemwandika kuwa alikuwamo?" aliuliza. Basi akamngojea zaidi ya miaka ishirini, akimwekea sahani yake sikukuu ya Noeli. Alipofariki yule mzee ndipo binti yake akaja kwangu.

Nilifungua vitabu vya zamani vya ubatizo, nikampata yule kijana. Jina lake limeandikwa kwa wino uliofifia, mwandiko wa karani aliyenitangulia. Nikamwendea Padre na kumwuliza nifanyeje, maana sina siku ya maziko wala kaburi. Padre akafikiri, akasema, "Andika: Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei 1996." Nikaandika. Yule mama akaomba aguse mstari ule kwa kidole, nikamruhusu. Akashukuru, akaondoka.

Tangu siku ile sichagui meli kwa uzuri wa viti vyake.

Basi, tuzitazame safari tatu ambazo watu wetu huziuliza.

Ya kwanza ni ile ya Uganda. Kutoka kwetu huenda Tabora mjini, kisha Mwanza kwa gari la moshi au basi. Hapo kuna njia mbili. Njia ya maji ni meli ya Mwanza hadi Bukoba, na kutoka Bukoba kwa basi hadi mpakani Mutukula, kisha Masaka na Kampala. Katika njia hiyo imejulikana sana MV Victoria, meli iliyoanza kazi ziwani miaka ya mwanzo ya 1960. Ilikaa bila kufanya kazi miaka mingi, ikatengenezwa upya, ikarudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria, na nafasi za abiria 1,200. Huo ni usafiri wa usiku, na wenye watoto wadogo huupenda kwa sababu watoto hulala. Njia ya nchi kavu ni kuzunguka kwa basi kupitia Geita na Biharamulo. Zamani basi lilingoja kivuko pale Kigongo na Busisi, pengine kwa saa nyingi. Tangu Juni 2025 pana daraja refu la kilometa 3 hivi, na kungoja kumekwisha. Basi anayeogopa maji hana tena sababu ya kulaumu kivuko.

Nikikumbuka njia hiyo nawakumbuka pia wamisionari wa kwanza wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Walipita Tabora mwaka 1878 kwa njia ya misafara, ile ile waliyoikanyaga babu zetu Wanyamwezi wakichukua pembe za ndovu mpaka pwani. Padre Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa kwa mtumbwi, wakafika Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Miaka saba baadaye, tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake waliuawa kwa moto Namugongo. Hao wote twawajua kwa sababu majina yao yaliandikwa. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu mwaka 1964, aliwatangaza 22, kila mmoja kwa jina lake.

Safari ya pili ni ya Zambia, kupitia Kigoma na Ziwa Tanganyika. Nani asiyeijua MV Liemba? Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam, na kutoka huko ikapelekwa Kigoma kwa reli. Maana yake, msomaji, meli hiyo ilipita Tabora ikiwa ndani ya masanduku! Ilishushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 wasije wakanyang'anywa. Waingereza wakaitoa ziwani mwaka 1924, nayo ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Iliwachukua abiria wapatao 600 kutoka Kigoma mpaka Mpulungu, safari ya siku mbili tatu. Mwaka 2015 iliwaokoa wakimbizi wengi wa Burundi pale Kagunga. Ni meli yenye heshima. Lakini kwa miaka mingi, bandari nyingi za njiani hazikuwa na gati. Abiria walishushwa katika mitumbwi katikati ya maji, mara nyingi usiku. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, hapo ndipo penye hatari. Tena kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini huvuma kwa nguvu ziwani. Miaka ya karibuni Liemba iliondolewa kwenye safari zake kwa matengenezo makubwa, basi usiende Kigoma na watoto kabla hujapiga simu bandarini kuuliza ni chombo gani kinachosafiri na siku gani.

Safari ya tatu ni ya Unguja. Unguja si nchi ya kigeni, lakini kwa mtoto wa Isikizya ni ng'ambo kweli. Boti za mwendo wa kasi kutoka Dar es Salaam huchukua muda wa saa mbili hivi. Uzuri wake ni kwamba husafiri mchana, na safari ni fupi. Ubaya wake ni mawimbi ya majira ya kusi, ambayo huwatapisha watoto na baba zao pia. Tusisahau kwamba hata huko pametokea misiba: Spice Islander mwezi wa Septemba 2011, ikienda Pemba usiku imejaa kupita kiasi, na Skagit mwezi wa Julai 2012.

Je, ipi ni nzuri? Kama una watoto wadogo na hujapata kupanda chombo, anza na safari fupi ya mchana. Kama waenda Namugongo, meli ya Bukoba yafaa, mradi chombo ni kikubwa na orodha yake ni kamili. La sivyo panda basi. Safari ya Tanganyika waachie watoto waliokwisha kuwa wakubwa.

Na kabla hujatoa fedha, fanya haya. Uliza kama mtoto asiyelipa ataandikwa. Kama hataandikwa, omba aandikwe, wala usione haya kama mimi. Soma namba ya abiria iliyoruhusiwa. Tazama ubavuni mwa meli: pana alama iliyochorwa kuonyesha kipimo cha mzigo, na kama alama hiyo imefunikwa na maji, rudi nyumbani. Uliza jaketi la kujiokolea la kimo cha mtoto, maana la mtu mzima humponyoka mtoto likamwacha. Mwachie mtu wa nchi kavu karatasi yenye majina yenu yote, jina la chombo, na saa ya kuondoka.

Kwa wale wa nje ya nchi, kila mtu, hata mtoto, awe na hati yake ya kusafiria, nayo hutafutwa mapema Uhamiaji. Cheti cha ubatizo ninachokupa mimi hakikuvushi mpaka. Tafuta cheti cha kuzaliwa cha serikali. Kwa Uganda mchanjwe homa ya manjano angalau siku kumi kabla.

Najua wengine watasema, "Ajali haina kinga." Nimelisikia neno hilo makaburini mara nyingi. Upepo hauna kinga, ni kweli. Lakini kuwapakia watu kupita kiasi si upepo, na kutowaandika maskini si upepo. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa cha kuchukua watu 101. Walikufa zaidi ya 220. Hesabu hiyo haikuletwa na mawimbi.

Mwaka jana tulisafiri tena. Mkata tikiti mwingine, gati jingine, neno lile lile: "Mtoto halipi." Nikamjibu kwa upole, "Najua, ndugu yangu. Mwandike tu." Watu wakanung'unika nyuma yangu. Nikangoja. Akaandika, mmoja, wawili, watatu. Nami nikasimama pale nikitazama kalamu yake mpaka herufi ya mwisho. Usiku ule nililala.

Mungu awalinde wasafiri wote. Safari njema.