Mwalimu Aketipo Mkekani

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii hutajwa sana wakati wa kusifu kazi iliyokwisha, lakini ndani yake mna jambo jingine ambalo aghalabu husahauliwa: aliyeunda naye alifundishwa kuunda. Hapana mkono uliozaliwa na ustadi. Nyuma ya kila fundi yuko fundi mwingine, na nyuma ya huyo yuko mwingine. Na mnyororo huo ukikatika mahali pamoja tu, kazi iliyodumu miaka mingi hupotea katika kizazi kimoja. Nataka kukueleza, msomaji, jinsi mnyororo huo unavyoungwa, na kwa nini nadhani kwamba awezaye kuuunga vyema ni yule ambaye hufundisha na kufundishwa kwa wakati mmoja.

Kiswahili kina neno zuri, kimia. Mvuvi akilitaja, maana yake ni wavu wa duara utupwao majini kwa mkono. Mwanamke afumaye kwa uzi akilitaja, maana yake ni kitambaa chenye matundu matundu, kama vile vitambaa vyeupe tunavyovitandika mezani na juu ya viti. Lugha yetu iliona kwamba kazi hizi mbili ni ndugu, kwani zote ni uzi, fundo na tundu. Wala si sisi peke yetu tulioona hivyo. Huko Ulaya iko namna ya kimia ifumwayo kwa mafundo matupu, na chombo chake ni kibao kidogo kilichochongoka pande mbili mfano wa mtumbwi. Wajerumani huiita kwa jina lenye maana ya kazi ya mashua ndogo. Wafumaji wa kimia hicho katika Uingereza na Marekani wana desturi ya kukutana siku kadha wa kadha ili wafundishane, na katika mikutano hiyo yule aliyesimama mbele ya watu asubuhi huonekana alasiri ameketi kati ya wanafunzi, uzi wake mkononi. Niliposikia habari za desturi hiyo niliipenda. Faida yake, lakini, niliiona kwa macho yangu hapa kwetu.

Palikuwa na mkusanyiko wa siku tatu huko Likoni, katika likizo ya mwezi wa nane. Akina mama wa vikundi vya kazi za mikono vya Likoni, Kisauni na Changamwe walikutana katika madarasa ya shule moja. Wa Kisauni walipita Daraja la Nyali, wakakivuka kisiwa, kisha wakapanda feri pamoja na wachukuzi na mikokoteni yao. Wa Changamwe walipita Makupa, wakaifuata feri ile ile. Sharti lilikuwa moja: kila ajaye afundishe jambo moja na ajifunze jambo moja. Mwanamke mmoja mzaliwa wa Lamu alifundisha kushona kofia za vito, zile ambazo matundu yake madogo huzungushiwa uzi moja baada ya moja kwa majuma mengi, na ambazo ndugu zake huvaliwa hata Omani. Mimi niliombwa nifundishe kufuma vitambaa kwa sindano ya kulabu. Alasiri nilichagua darasa la kusuka ukili.

Darasani mwangu walikuwamo wanafunzi 14. Nilifanya kama nilivyofunzwa chuoni: nilichora ubaoni, nikaandika hesabu, nikaeleza. Kufuma kitambaa cha duara ni kazi ya hesabu. Huanza kwa vitanzi vichache vilivyofungwa vikawa pete, kisha kila mzunguko huongezwa vitanzi kwa kipimo. Ukiongeza vichache mno, kitambaa hujikunja kikawa kama kofia. Ukiongeza vingi mno, kingo zake huinuka na kushuka kama mawimbi. Ukiongeza kwa kadiri, hulala mezani kikatulia. Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwamo bibi mmoja wa Mtongwe, mwenye umri wa kuweza kumzaa mama yangu. Ubao hakuutazama hata mara moja. Alivitazama vidole vyangu, akahesabu kwa midomo isiyotoa sauti, na kabla ya adhuhuri duara lake lilikuwa limelala sawasawa.

Alasiri tulibadilishana mahali. Bibi yule ndiye aliyekuwa fundi wa ukili. Nilipomwamkia "Shikamoo, mwalimu," aliitikia "Marahaba," kisha akatikisa kichwa. "Mimi si mwalimu, mwanangu. Shule sikuingia. Mimi nasuka tu."

Lakini tazama alivyotuketisha. Hakukaa mbele yetu. Alitandika mkeka, akatuweka kuumeni na kushotoni mwake, sote tukielekea upande mmoja naye. Ndipo nilipotambua hekima yake: mwanafunzi akimkabili fundi, huuona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto, kama mtu ajitazamaye katika kioo, na imempasa aigeuze kila hatua akilini kabla ya kuifuata. Akiketi ubavuni, mkono wa fundi na mkono wake huwa kitu kimoja. Kisha akaja msichana mwenye mkono wa shoto. Bibi alimtazama anavyoshika ukindu, akamtoa ubavuni, akamweka mbele yake uso kwa uso. Kwa huyo mmoja kioo kilikuwa ndiyo njia iliyonyoka. Hapana aliyemfundisha bibi huyu elimu ya ualimu, na hakuwa na neno la kuitaja. Lakini alikuwa nayo.

Ukindu wenyewe hutaka adabu. Majani hukaushwa juani, yakapasuliwa membamba, mengine yakachemshwa pamoja na rangi. Wakati wa kusuka lazima yalainishwe kwa maji, maana jani kavu huvunjika. Ukili hurefuka polepole, moja juu, moja chini, kisha hukunjwa kama utepe, na siku ya mwisho hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka ukawa mkeka. Vidole vyangu vilikuwa vizito. Kila nilipokaza kupita kiasi, bibi hakusema neno. Aliufumua ukili wangu shubiri moja, akanirudishia. Katika kufumua huko mlikuwa na somo jingine. Jani likisukwa vibaya, husukwa tena, hapana hasara. Mwanafunzi ajuaye kwamba kazi yake yaweza kurudiwa hupungukiwa na hofu, na hofu ikiondoka, mkono hulegea ukaanza kujifunza.

Usidhani, hata hivyo, kwamba faida ilikuwa ya wanafunzi peke yao. Siku ya pili mmoja wetu aliuliza: "Bibi, kwa nini wauvuta ukindu kuelekea kwako?" Bibi alinyamaza. Akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akasuka polepole, akavuta kwake; akasuka tena, akavuta pembeni. Halafu akasema, "Nikivuta pembeni, ukili hupinda." Alikuwa ameyafanya hayo maisha yake yote, na siku hiyo ndiyo aliyoyatia maneno. Swali la mwanafunzi lilikuwa limempa mwalimu elimu yake mwenyewe. Nami asubuhi ya tatu nilizipanga benchi za darasa langu kwa namna nyingine, wanafunzi wakaketi ubavuni mwangu wawili wawili kwa zamu, na ubao ukabaki kwa wale waliouhitaji.

Wala jambo hili si la uzi na majani tu. Ukifika Changamwe utakuta chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba, kilichoanzishwa mwaka wa 1963, ambacho vinyago vyake vimeuzwa mbali na nchi hii. Watu hudhani kwamba kazi hiyo ya biashara ni ya Wakamba tangu kale. Husimuliwa kwamba asili yake ni mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa wachongaji wa huko, akarudi kwao na ujuzi huo. Mtu mzima, katika nchi ya ugeni na siku za vita, alikubali kuwa mwanafunzi. Lau angaliona haya, huenda maelfu ya watu wangalikosa riziki waliyoipata kwa patasi.

Sasa nikuambie lililo zito. Bibi wa Mtongwe ana mabinti, wala hapana hata mmoja aliyeishika kazi yake. Siwalaumu. Mkeka wa ukindu hutaka majuma, na mkeka wa plastiki unapatikana dukani kwa dakika moja. Mnunuzi huupima ukili kwa urefu, hapimi ustadi uliomo. Bibi anaijua nakshi moja ya msala aliyofundishwa na nyanya yake, na katika mkusanyiko wote hapakuwa na mwingine aliyeijua. Siku tatu hazikutosha kuifundisha; zilitosha kutuonyesha kwamba ipo. Hebu fikiri, msomaji: nakshi hiyo haimo kitabuni wala ubaoni. Imo katika vidole kumi vya mtu mmoja mzee.

Shule zetu nazo zina sehemu katika habari hii. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulizipa kazi za mikono nafasi darasani. Baadaye, masomo ya mtihani yalipopunguzwa, kazi hizo zilikuwa miongoni mwa zilizoachwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika madarasani mwaka wa 2019, umezirudisha. Ni vyema, lakini mtaala ni karatasi. Ukili haufundishwi na karatasi, na mwenye kuujua mara nyingi hana cheti cha kumpitisha mlangoni. Mimi ninacho cheti, nakiheshimu, nilikitolea jasho. Hata hivyo, mkekani pale hakikunisaidia kusuka hata shubiri moja.

Jioni ya siku ya tatu wanafunzi wanne wa bibi walimwendea wakamwomba awafundishe ile nakshi, kila Jumamosi, barazani kwake, na kila mmoja ataleta ukindu wake. Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na huko mtaniita nani?" Yule msichana wa mkono wa shoto alijibu, "Mwalimu." Bibi alicheka, akajifunika mdomo kwa ukingo wa leso. "Niiteni Bibi," akasema. "Lakini njooni mapema, kabla jua halijakausha majani."

Msomaji kijana, nyumbani kwenu au jirani yenu yumkini yuko mtu ajuaye jambo ambalo mikono yako hailijui. Labda ni kushona wavu, labda ni kusuka pakacha, labda ni kufuma kitambaa. Huenda akakuambia kwamba yeye si mwalimu. Usimwamini. Mwamkie kwa adabu, keti ubavuni mwake, utazame, uulize. Na wewe ujualo, hata likiwa dogo kama kuandika hesabu au kusoma barua, mpe kwa moyo huo huo. Elimu ikienda upande mmoja tu huwafanya wengine kuwa watoaji daima na wengine waombaji daima. Ikienda na kurudi, kama uzi katika kimia, hushika.