Baiskeli na Amri ya Tano



Wapendwa waamini, hapa kwetu Ntalikwa baiskeli si chombo cha mchezo. Ndiyo inayopeleka mkaa na maziwa mjini Tabora, ndiyo inayoleta madumu ya maji nyumbani, na Dominika huwafikisha baba, mama na mtoto kanisani kwa safari moja. Kwa kuwa tunaitumia kila siku, tumezoea kudhani kwamba haiihusu dhamiri. Juma hili tunapenda kutafakari kwamba namna tunavyoiendesha ni jambo la amri ya tano.

Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, na ndani yake zikawekwa amri kumi za madereva. Ya kwanza inakataza kuua; ya tisa inadai kwamba aliye dhaifu zaidi barabarani alindwe. Tuisikiapo amri hiyo, sisi wapanda baiskeli hujihesabu upesi miongoni mwa walio dhaifu, na mbele ya lori ni kweli. Lakini mbele ya bibi aliyebeba kuni kichwani, au mtoto atokaye shule, mwenye baiskeli iliyofungwa magunia mawili ya mkaa ndiye lori. Karibu kila mmoja wetu yuko aliye dhaifu kuliko yeye.

Wazee wetu waliijua adabu ya njia. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Tabora na kuendelea hadi Ujiji ilipita katika vijia vyembamba, wapagazi wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine. Penye njia panda, waliotangulia waliiziba njia isiyofaa kwa tawi, au kwa mstari uliochorwa ardhini, ili walio nyuma wasipotee. Hata leo lori likiharibika, utingo hukata matawi na kuyatandaza barabarani nyuma yake. Huo ni upendo kwa mtu ambaye bado hujamwona.

Kwa mwendesha baiskeli, tawi hilo ni taa mbele na kiakisi mwanga chekundu nyuma, maana dereva hawezi kumkwepa asiyemwona. Ni kengele inayopigwa mapema, si sikioni mwa mtu. Ni kutazama nyuma na kunyoosha mkono kabla ya kukata kona. Ni kushika kushoto, na marafiki kuacha kwenda sambamba wakizungumza katikati ya lami. Ni kuteremka na kuikokota baiskeli penye umati, hata nje ya kanisa baada ya Misa.

Yuko atakayesema: “Baba, mkaa huu ndio ada ya mtoto, fedha ya breki nitaitoa wapi?” Hatulidharau neno hilo. Umaskini ni mzigo mzito kuliko magunia. Lakini mtoto atakayegongwa mteremkoni naye ana mama. Basi breki ya maskini isiwe shida yake peke yake. Tunaziomba Jumuiya Ndogondogo zikague baiskeli za wanajumuiya, na panapokosekana raba za breki au taa, zichangie, kama tunavyochanga wakati wa msiba. Ni heri kuchangia breki kuliko sanda.

Kuhusu pombe hatuna budi kusema wazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi anajitwika hatia kubwa. Anayetoka kilabuni akiyumba juu ya baiskeli asijidanganye kwamba fundisho hilo ni la wenye magari tu.

Msamaria Mwema alitenda wema wake barabarani, akiwa safarini kwa shughuli zake. Nasi tutakutana na jirani yetu hapo hapo, kesho asubuhi. Tumpishe.

Mungu awabariki na kuwalinda katika safari zenu.