Mifuo ya Kasiba

Mwaka 2022 kifungu kimoja cha tafsiri kilinikalisha siku tatu. Kilikuwa kifungu cha tisa cha Mkataba wa Brussels wa 1890, ambamo madola yalikubaliana ni bunduki za namna gani Mwafrika aweza kuuziwa. Za kisasa zilipigwa marufuku katika eneo kubwa la bara hili. Zikaachwa za gumegume ambazo kasiba zake hazina mifuo. Mifuo ni ile michirizi iliyochongwa kwa mzunguko ndani ya kasiba, ambayo huizungusha risasi ikaenda mbali bila kuyumba. Kasiba laini hurusha marisau kwa kuyatawanya. Yafaa kwa kanga. Kwa askari mwenye mifuo aliye mbali, haina neno.

Sisi wa Unguja biashara hiyo twaijua kwa aibu. Mwaka 1888 konseli wa Kiingereza, Euan-Smith, alikisia kuwa bunduki baina ya 80,000 na 100,000 huingia bara kila mwaka kupitia pwani hii. Nyingi zilikuwa makapi: kila jeshi la Ulaya lilipopata silaha mpya, kuukuu zilitafutiwa wanunuzi. Kule Liège, Ubelgiji, mafundi walizichukua bunduki za jeshi la Ufaransa, wakazikwangua mifuo na kuzifanya za marisau. Ziliitwa “Zulu”, ingawa Wazulu hawakuulizwa. Nyingi ziliuzwa Marekani kwa bei ya chini, na leo wako watu huko wanaozikusanya, wakazipaka mafuta na kuzitundika ukutani.

Nilidhani kwetu jambo hilo halipo. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo nikaenda Shinyanga kwa harusi ya mpwa wangu, nikalazwa kwa mzee mmoja wa upande wa bibi harusi, aliyekwisha kupita miaka themanini. Usiku wa pili alivuta kitu mvunguni mwa kitanda, kimefungwa ngozi ya mbuzi. Sisi twaita gobori. Wao husema gobole.

Babu yake alikuwa askari wa Mdachi. Tabora ilipoangukia mikononi mwa Wabelgiji, Septemba 1916, alirudi kwao na bunduki yake. Risasi zilipomwishia aliibeba hadi Geita kwa Warongo, wafua chuma waliosifika kabla dhahabu ya huko haijawavuta Wazungu. Wakaikwangua ndani, wakaziba nyuma, wakatia kifa cha kuwekea fataki, na tangu hapo ikawa yashindiliwa kwa mdeki kutoka mdomoni. Nilitia kidole: laini kama kikombe. Nilipomulika tochi niliona chini kabisa, mahali chombo cha fundi kisipofika, mabaki ya mifuo minne.

“Sasa soma, shehe,” akaniambia, akinionyesha herufi pembeni mwa chuma. “Wewe wajua lugha za Wazungu. Hilo ndilo jina la babu. Walimwandikia kwa ushujaa wake.”

Nilijua alilokuwa akilipima. Serikali ilikuwa imetangaza msamaha: atakayesalimisha silaha isiyo na kibali hatashtakiwa. Mjukuu wake, mchimbaji mdogo huko Nyarugusu, alikuwa amemletea habari za watu wanaoitaka bunduki ile kwa fedha, na si kwa kuitundika ukutani. Mzee hakutaka kuuza. Lakini alikuwa amekwisha kusema mbele ya watoto wake kwamba kitu chenye jina la babu hakitoki nyumbani.

Kijerumani nimejifunza peke yangu, kwa kamusi iliyochanika, ila maandishi yale hayakuhitaji kamusi. Yalisema Mod. 71. Ni aina ya mwaka 1871, ambayo hata mwaka 1914 askari wetu wengi walikuwa bado wanapigana nayo, moshi wa baruti yake ukimwonyesha adui walipo. Nayo ilikuwa makapi.

Ningeweza kusema ndiyo. Maishani nimetia maneno katika vinywa vya washairi waliokufa, nikasifiwa kwa hilo. Nikamwambia kweli.

Alikaa kimya. Kisha akauliza, “Mwaka huo babu alikuwa amezaliwa?”

“Sidhani, mzee.”

Nikamtajia Bujora, makumbusho ya Wasukuma karibu na Mwanza, labda wangeipokea kwa njia ya sheria. Akatikisa kichwa. “Kule kuna ngoma za watemi. Babu hakuwa mtemi.”

Asubuhi ya tatu tulikwenda kituoni, yeye, mwenyekiti wa kitongoji na mimi. Polisi alitupokea kwa heshima, akafungua daftari, akaandika: gobole moja, bovu. Mzee akamwomba aongeze na zile tarakimu za pembeni.

“Za nini, mzee?”

“Andika tu, mwanangu. Sabini na moja.”

Akaandika.