Marobota 400 na Mbuzi 27

Kwetu Handeni, mwezi wa Oktoba ukiingia, mkulima huinua macho kuitazama mbingu akingoja mvua za vuli. Katika jimbo la Maine, pembe ya kaskazini mashariki ya Marekani, mfugaji wa mwezi huo huo huingia ghalani na kuhesabu nyasi. Majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, kisha hupukutika kwa muda wa majuma machache, na asubuhi moja ardhi huamka imefunikwa na jalidi, nyeupe kama chumvi iliyomwagwa. Malisho yamekwisha. Hayatarudi hadi Mei.

Nilifika huko mwishoni mwa Oktoba, mgeni wa familia moja inayofuga mbuzi nje ya Lewiston, mji wa viwanda vya zamani vya nguo ulio kando ya mto Androscoggin. Nilipoteremka garini nilisikia sauti ya mwanamke mzee ikimwamuru mjukuu wake apeleke "mazi" bandani. Nilisimama pale pale. Ndivyo Wazigua tunavyoyaita maji.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka wapi na baridi hii?"

"Handeni."

Alinishika mkono, hakuuachia mpaka tulipofika mlangoni. Aliniuliza habari za Chogo kabla ya kuniuliza jina langu.

Wasomaji wa Tanga wanaijua habari hii, lakini huenda wa kwingineko hawaijui. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa kutoka pwani yetu wakauzwa utumwani Somalia. Walioponyoka walikita makazi katika bonde la mto Juba. Huko wakalima, wakaishi katika Uislamu, na baadhi yao hawakuiacha lugha yao. Vita vya mwaka 1991 viliwatawanya. Walikimbilia Dadaab nchini Kenya, wakahamishiwa Kakuma, na kutoka huko maelfu walipokelewa Marekani. Wengine walirejea kwetu, nao leo wako katika makazi ya Chogo, wilayani Handeni, wakiwa raia wa Tanzania. Basi Bibi huyu, aliyezaliwa kando ya Juba, sasa amezeeka mahali ambapo maji ya ndoo huganda usiku kucha.

Kazi za majira hayo hazina uzuri wa zile picha za majani mekundu zinazouzwa kwa watalii. Siku ya kwanza tulikata kwato za mbuzi wote, mmoja mmoja, kwa mkasi mnene, kwa sababu ardhi ikiwa na tope kwato ndefu huoza. Siku ya pili tulifunua kope za chini na kutazama rangi: kope nyekundu ni afya, kope iliyopauka ni dalili kuwa minyoo wananyonya damu. Kijana wa nyumba, mwenye miaka 15, aliandika kila rangi katika daftari. Kisha tulizunguka uzio kuokota matawi ya cheri mwitu yaliyoangushwa na upepo. Majani ya mti huo yakinyauka hutoa sumu kali, na mbuzi kwa ulafi wake huyapenda.

Nilidhani banda litazibwa kila upenyo. Baba wa nyumba alinisahihisha kwa upole. Mbuzi mkavu mwenye tumbo lililojaa huistahimili baridi. Kinachomuua ni hewa nzito ya mkojo iliyofungiwa ndani, maana huharibu mapafu. Kwa hiyo upenyo wa juu huachwa wazi, na chini nyasi za kulalia huongezwa juu ya zile za zamani bila kuzoa. Samadi iliyo chini huchacha polepole na kutoa joto. Niliingiza mkono humo, nikaona kweli.

Beberu alikuwa ametengwa katika zizi lake, akinuka hata nguo zangu zikanuka kwa kupita tu. Siku zikifupika ndipo majike hutaka kupandwa, naye alikuwa akigonga mbao mchana kutwa. Hakufunguliwa mpaka katikati ya Novemba. Mimba ya mbuzi huchukua siku 150 hivi. Akifunguliwa mapema, vitoto vitazaliwa theluji ingali nje.

Juu ya kazi zote hizo kuna saa. Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa hurudishwa nyuma kwa muda wa saa moja. Kuanzia hapo Adhuhuri iliingia kabla ya saa sita mchana, na Magharibi kabla ya saa kumi na nusu. Kijana alirudi shuleni, akaswali Alasiri, na kabla hajamaliza kubeba maji giza lilikuwa limeingia. Tuliswali Magharibi ghalani tukielekea kaskazini mashariki, maana ndiko kibla kiliko kwa watu wa huko. Sote wawili tulikuwa tumevaa fulana za rangi ya chungwa kali. Novemba ni msimu wa kuwinda paa kwa bunduki, na hata mbuzi walifungwa utepe wa rangi hiyo shingoni. Siku ya kupumua ilikuwa Jumapili, ambayo sheria ya jimbo hairuhusu uwindaji.

Jioni moja kijana alileta daftari lake mezani. Ghalani kulikuwa na marobota 400 ya nyasi kavu, kila robota kilo 18. Mbuzi mmoja hula kama kilo mbili kwa siku, na siku za kulisha ndani ni 180. Hesabu ilitosha mbuzi 20, nao walikuwa 27.

"Saba wataondoka," alisema baba.

Sita hawakuleta ubishi. Walikuwa madume machanga, na wanunuzi wa mjini walikuwa wamekwisha kuwaulizia. Nyama ya mbuzi inayouzwa nchini humo kwa sehemu kubwa hutoka Australia ikiwa imegandishwa, hivyo familia za Kiislamu hufurahi kumnunua mbuzi akiwa hai. Wa saba ndiye aliyekuwa mgumu: jike kongwe, mbuzi wa kwanza kununuliwa na Bibi walipopata shamba. Mwaka uliopita hakushika mimba.

Kijana alipinga, ingawa hesabu ilikuwa yake mwenyewe. Alisema wengine wapunguziwe kidogo kidogo, ili huyu apate. Nakiri kwamba moyoni nilikuwa upande wake. Baba alinyamaza, jambo hilo lilikuwa la mama yake.

Asubuhi Bibi aliingia bandani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua mdomo wa yule mbuzi na kuniita nitazame. Magego yalikuwa yamebaki mawili, nayo yakicheza. Alifunua kope, ilikuwa nyeupe. Majani mabichi ya kiangazi aliyaweza, lakini nyasi kavu angezicheua bila kuzisaga, na angekonda hadi Februari afe kwa njaa mbele ya hori lililojaa. Bibi alimkumbusha mjukuu wake habari aliyoisimulia Mtume (S.A.W.) ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula.

"Mimi nampa chakula, Bibi," kijana alijibu.

"Unampa asichoweza kula."

Hakumuuza. Alichinjwa hapo hapo siku ya Jumamosi. Baba alinoa kisu nyuma ya nyumba, mbali na macho ya mnyama, akamlaza kwa upole akielekea kibla, akataja jina la Mwenyezi Mungu. Kijana alimshika miguu. Hakuna aliyemlazimisha; alikuja mwenyewe, na alipomaliza alikwenda kuwapa beberu na wengine maji bila kusema na mtu. Nyama iligawanywa kwa majirani, akiwamo mzee wa Kimarekani, si Mwislamu, ambaye kila mwaka huwakatia nyasi kwa mashine yake.

Siku mbili baadaye mzee huyo alirudi na gari lake likiwa limepakia marobota 20, hataki malipo. Kijana na mimi tulisaidia kupakua. Alipofika robota la mwisho alisimama, midomo ikicheza, nami nikajua anapiga hesabu: marobota 20 ni kilo 360, nazo ni chakula cha mbuzi mmoja kwa siku 180. Akamgeukia bibi yake.

"Meno, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Yapange juu kabisa, panya wasiyafikie."

Akayapanga. Giza lilikuwa limeingia, na ndoo zilikuwa zimeanza kushika ngozi nyembamba ya barafu.