Aliyetaja Kiasi

Nilipoanza kutunza seva Dar es Salaam, intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti. Pakiti ilipanda, ikashuka Ulaya, na jibu likarudi baada ya zaidi ya nusu sekunde. Mkongo wa SEACOM ulipofika mwaka 2009, tukaamini kero ya kasi imekwisha.

Wapi! Kampuni moja ililipia megabiti 100 kwa sekunde, lakini nakala za hifadhidata yake kwenda London zilikwama kwenye megabiti tatu na ushei. Kikalaumiwa kila kitu, hata mvua. Mimi nikachungulia soketi kwa amri ya ss. Data iliyotumwa haifutwi kwenye kumbukumbu mpaka upande wa pili uthibitishe kuipokea, maana ikipotea njiani itabidi itumwe upya. Hivyo bafa ya kutuma, yaani kumbukumbu hiyo, huweka ukomo wa data iliyo safarini kwa wakati mmoja. Programu iliyotuma nakala zile ilijipangia bafa ya kilobaiti 64. Kwa milisekunde 160 za kwenda na kurudi, hiyo ni megabiti 3.3, hata upewe mkongo mzima peke yako. Kuijaza laini ile kulihitaji megabaiti 2.

Mwandishi wa programu alidhani anasaidia. Linux ikiachwa huru huikuza bafa ya TCP yenyewe, kwa kawaida kuanzia kilobaiti 16 hadi megabaiti 4. Ukiitajia kiasi kwa chaguo la soketi la SO_SNDBUF, haikuzi tena. Tukaufuta mstari mmoja uliotaja kiasi hicho, nakala zikaenda.

Baada ya hapo sifa zikanigeukia kazi. Vijana wakawa wananiletea mipangilio ya bafa waliyonakili kwingine: "Mzee, tuweke megabaiti 64 kila mahali." Nami nawauliza: wateja wangapi? Wateja 10,000 wenye mtandao dhaifu, kila mmoja na megabaiti 4 zilizojaa, ni gigabaiti 40. Kipo kikomo cha jumla, tcp_mem, lakini hicho huhesabiwa kwa kurasa za kumbukumbu, si kwa baiti. Nimewaona mafundi wazoefu wakiandika 4194304 wakidhani ni megabaiti 4, kumbe kwa kurasa za kilobaiti 4 wameruhusu gigabaiti 16 kwenye mashine yenye 8.

Kwenye matangazo ya video ya moja kwa moja nilikwenda kinyume kabisa: kwa tcp_notsent_lowat nilibana data inayosubiri foleni bila kutumwa. Kasi haikupungua. Ila mtandao wa mtazamaji ulipozorota, seva iliweza kumshushia ubora wa picha mapema, bila kwanza kumaliza sekunde kadhaa za picha nzito zilizokwisha kupangwa kwenye bafa.